Bondia Aliyekosea Mlango
Simulizi ya kweli ya mwigizaji Canada Lee

SEHEMU YA 1

Leonard Canegata alipotoroka kwao alikuwa na miaka 14, na nusu ya umri huo alikuwa ameutumia kujifunza fidla. Mwalimu wake hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa J. Rosamond Johnson, mtunzi wa muziki wa wimbo ambao Wamarekani weusi waliufanya kama wimbo wao wa taifa. Mtoto alipofika miaka 11 alisimama Aeolian Hall, ukumbi wa heshima katikati ya Manhattan, akapiga fidla mbele ya watu waliovaa kama wanakwenda kanisani. Baba yake alikuwa amehamia New York kutoka kisiwa cha St. Croix huko Karibi, na kwa mzazi wa namna hiyo, mtoto wa fidla ni mtoto aliyekwisha fika.

Kumbe mtoto mwenyewe alikuwa akiwaza farasi.

Mwaka 1921 akaenda zake Saratoga Springs, kaskazini mwa jimbo la New York, kwenye viwanja vya mbio. Alianza na kazi za zizini, kisha akapanda farasi wa mashindano kwa miaka miwili hivi. Ile ni kazi ya watu wepesi, kila kilo ina gharama yake. Leonard akarefuka, akajaa mabega, na mwili wenyewe ukamfukuza kazi. Akarudi Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, hana fidla, hana farasi, ana mabega tu.

Basi akayapeleka mabega ulingoni. Alianza ngumi za ridhaa, akashinda mapambano mengi kuliko aliyoshindwa, na mwaka 1926 akaingia ngumi za kulipwa katika uzito wa welter. Jina analokumbukwa nalo alilipata hapo, tena kwa uzembe wa dakika moja. Rafiki zake walimwita Lee. Kadi aliyopewa mtangazaji wa ulingoni, Joe Humphreys, ilikuwa imeandikwa “Canegata, Lee”. Humphreys, aliyejulikana kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, aliitazama kadi, ulimi ukakataa, akamtangaza “Canada Lee”. Watazamaji wakashangilia. Bondia mwenyewe hakuona sababu ya kubisha.

Alipigana miaka saba. Alikaribia kupewa nafasi ya kuwania ubingwa, nafasi yenyewe haikuja. Kilichokuja ni pigo ambalo hata halikumwangusha: retina ya jicho moja ilibanduka, na mwanga wa upande ule ukazimika. Waliowahi kupanda ulingoni watakuambia maana yake. Ngumi inayotoka upande wa jicho zima unaiona, unainama. Inayotoka upande mwingine unaijua ikishafika. Mwaka 1933 akavua glovu.

Wakati huo Marekani ilikuwa ndani ya Mdororo Mkuu wa uchumi, na Harlem ilikuwa imeumia kuliko mitaa mingi. Fedha za ngumi, ambazo hazikuwa kidogo, zilikuwa zimekwisha. Lee hakuwa mtu wa kubana mkono. Alijaribu bendi ya muziki, alijaribu klabu ya usiku. Wateja wakakosa hata hela ya bia.

Ndipo mwaka 1934 alipokwenda YMCA ya Harlem, jumba la chama cha vijana wa Kikristo, kuomba kibarua. Hakwenda kutafuta sanaa, alitaka kazi ya mikono tu. Lakini chumba alichokiingia kilikuwa na watu waliokuwa wakisikilizwa, mmoja mmoja, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Mwongozaji Frank Wilson alikuwa akitafuta waigizaji wa “Brother Mose”. Bondia yule wa zamani akawakatiza kazi yao. Alipotoka mle ndani, kibarua cha kubeba mizigo hakukipata. Alipata nafasi katika mchezo.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza sikuiamini, imekaa kama ya kutungwa. Lakini yaliyofuata yalionekana na watu wengi mno kuweza kutungwa. Baada ya “Brother Mose” akachukua nafasi ya Rex Ingram katika “Stevedore”, mchezo wa makuli wa bandari ya New Orleans, ambamo kuli mweusi anasingiziwa kosa, wazungu wanakuja kumuua, na wenzake wa chama cha wafanyakazi, weusi kwa weupe, wanasimama pamoja naye. Lee alianza kuelewa kwamba jukwaani mtu anaweza kupigana na vitu ambavyo havipandi ulingoni.

Ikafika mwaka 1936. Serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa ikiwalipa wasanii wasio na kazi kupitia Federal Theatre Project, na tawi la Harlem lilikuwa likifanya mazoezi ya “Macbeth” ya Shakespeare kwenye jumba la Lafayette, waigizaji wote weusi. Mwongozaji alikuwa kijana wa kizungu ambaye hajafika hata miaka 21. Jina lake Orson Welles. Uvumi ukaenea mitaani kwamba kijana huyo amekuja kuwafanya watu weusi kichekesho, awavalishe mavazi ya wafalme wa Uskoti ili wazungu waje wacheke. Harlem ikakasirika.

Siku moja, kwenye ukumbi wa mbele wa Lafayette, watu waliokwisha kunywa wakamzunguka Welles. Mmoja alikuwa na wembe. Welles alikuwa mrefu, lakini hajui kupigana. Wembe ukainuka kuelekea usoni mwake.

ITAENDELEA

SEHEMU YA 2

ILIPOISHIA: Wembe umeinuliwa, na Orson Welles hana pa kukimbilia.

Wembe haukufika. Inasimuliwa kwamba Canada Lee alikuwa akipita, akaona, na kazi ya miaka saba ikamrudia mikononi; mwenye wembe alinyang’anywa kabla hajajua nani amemgusa. Welles alikuwa fundi wa kunakshi hadithi, kwa hiyo msomaji apunguze anachotaka kupunguza. Kisichopunguzika ni hiki: katika “Macbeth” ile, Banquo aliigizwa na Canada Lee.

Welles aliihamisha Uskoti akaipeleka Haiti. Wachawi watatu wa Shakespeare wakageuka waganga wa vodoo, msitu ukawa wa minazi na migomba, na chini ya maneno yote kukawa na ngoma. Wapigaji waliongozwa na Asadata Dafora, msanii kutoka Sierra Leone. John Houseman, aliyesimamia mradi, alisimulia baadaye kwamba ombi la kwanza la vifaa kutoka kwa wapigaji hao lilikuwa mbuzi watano weusi, wazima. Wachinjwe, ngozi ziwambwe ngoma. Hebu mfikirie karani wa serikali kuu ya Marekani, kalamu mkononi, akitafuta kwenye fomu yake safu ya mbuzi weusi.

Mbuzi walipatikana.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1936 watu wapatao 10,000 walifurika nje ya Lafayette, magari yakashindwa kupita. Sehemu kubwa ya waliokuwa jukwaani hawakuwahi kuigiza kwa malipo kabla ya hapo. Pazia lilipofungwa, makofi yaligoma kwisha. Siku chache tu baadaye mhakiki Percy Hammond, aliyekuwa ameuponda mchezo huo gazetini, akaugua na kufa, na Harlem ikanong’ona kwamba ngoma zilikuwa zimepigwa usiku kucha kwa jina lake. Madaktari walisema ni nimonia. Mimi simo.

Welles hakumsahau mtu aliyemnusuru. Alipokwisha kumaliza filamu yake ya “Citizen Kane”, alirudi jukwaani New York na riwaya ya Richard Wright, “Native Son”, iliyogeuzwa mchezo, na akamtaka Lee kwa nafasi ya Bigger Thomas. Mchezo ulifunguliwa St. James Theatre, Broadway, tarehe 24 Machi 1941.

Bigger ni kijana mweusi wa Chicago, dereva wa familia tajiri ya kizungu. Usiku mmoja anamsaidia binti wa tajiri, aliyelewa, kufika chumbani kwake. Mlango unafunguka. Anaingia mama wa binti, na mama huyo ni kipofu. Dereva mweusi akikutwa kwenye chumba cha binti wa kizungu, kifo chake ni cha uhakika. Kwa hofu anambana binti na mto asitoe sauti, na anapouondoa mto, binti amekufa. Sasa tazama jukwaa: mwanamke asiyeona anapapasa hewa, akiuliza kuna nani, na mita chache kutoka kwake amesimama mtu ambaye kweli haoni upande mmoja, amejikausha, jasho linamtoka. Mchezo ulikwenda moja kwa moja bila mapumziko. Watazamaji hawakupewa hata nafasi ya kutoka kuvuta sigara na kuambiana kwamba ni maigizo tu. Wahakiki waliokuwa wakimfahamu Lee kama bondia aliyegeuka mwigizaji sasa walimsifu kama mwigizaji.

Hollywood ikaita. Mwaka 1944 Alfred Hitchcock alimweka kwenye “Lifeboat”, filamu nzima ya watu tisa ndani ya mashua moja baharini, baada ya meli yao kuzamishwa na Wajerumani. Bahari yenyewe ilikuwa tangi la maji ndani ya studio. Lee alikuwa Joe, mhudumu wa meli, mweusi pekee. Maandishi aliyokabidhiwa yalimtaka aongee kile Kiingereza kilichovunjikavunjika ambacho Hollywood iliwapangia weusi, na kila sentensi aitikie kwa unyenyekevu. Lee akakata, akaandika upya, akaongea kama mtu. Hakufanikiwa kuondoa kila kitu. Bado Joe ni mtu aliyewahi kuwa mchomoaji wa mifukoni. John Steinbeck, aliyeandika hadithi ya asili, aliwaandikia studio akilalamika kwamba mtu mweusi aliyemtunga alikuwa na heshima, wao wamemfanya kichekesho. Hata hivyo, itazameni filamu hiyo leo. Wenzake wanapokubaliana kupiga kura, Joe anauliza kama na yeye ana kura. Wanapomrukia Mjerumani waliyemwokoa baharini wamuue kwa mikono, Joe hajiungi nao. Mambo hayo mawili Lee anayafanya kwa utulivu kiasi kwamba mtu huendelea kumtazama yeye, siyo wanaopiga kelele.

Mwaka 1945 alikuwa Caliban katika “The Tempest”. Mwaka 1946 alifanya jambo ambalo Broadway haikuwa imelizoea: alipakwa rangi nyeupe usoni akaigiza mzungu, Bosola, katika “The Duchess of Malfi”. Kwa miaka zaidi ya mia wazungu walikuwa wamejipaka masizi kuwaigiza weusi; sasa kibao kiligeuka. Mchezo haukudumu.

Kisha ikaja “Body and Soul”, 1947. John Garfield ni bondia anayepanda chati. Lee ni Ben, bingwa mweusi aliyepigwa mpaka damu ikaganda kwenye ubongo, na mameneja wanajua, wakampandisha ulingoni hivyohivyo. Mpiga picha James Wong Howe alivaa viatu vya magurudumu, akashika kamera mkononi na kuteleza ndani ya ulingo katikati ya ngumi, ndiyo maana mapambano yale mpaka leo yanamtia mtu kizunguzungu. Lakini tukio ninalolirudia ni lile la Ben usiku, kambini. Hakuna mpinzani. Anarusha ngumi hewani, anakwepa, anarudi, macho yanatafuta mtu ambaye hayupo, mpaka anaanguka na kufa. Hilo halikuhitaji mwalimu wa kuigiza.

Angalia pia majina yaliyoitengeneza filamu hiyo: Garfield, mwongozaji Robert Rossen, mwandishi Abraham Polonsky, mwigizaji Anne Revere. Miaka michache baadaye wote walikuwa matatani, na kwa sababu ileile: kushukiwa ukomunisti.

Machi 1949 polisi wa shirikisho, FBI, walimkamata mfanyakazi wa Wizara ya Sheria, Judith Coplon, kwa tuhuma za kuipelelezea Urusi. Katika mkoba wake mlikuwa na nakala za taarifa za siri. Kesi ilipoanza Washington, jaji aliamuru taarifa hizo zisomwe mahakamani. Nyingi zilikuwa maneno ya watoa habari wasiotajwa, wakieleza nani ameonekana wapi na nani. Karani akasoma ukurasa, akafunua mwingine. Waandishi wa habari wakainua kalamu.

Katika ukurasa mmoja palikuwa na jina lililozaliwa kwa uzembe wa Joe Humphreys.

ITAENDELEA

SEHEMU YA 3

ILIPOISHIA: Jina la Canada Lee limesomwa kwenye kesi ambayo yeye si mshtakiwa wala shahidi.

Hakuna aliyemshtaki. Ndio ubaya wa jambo lenyewe. Mtu aliyeshtakiwa anapata wakili, anapata siku ya kujibu. Lee aliwaita waandishi akasema wazi kwamba yeye si mkomunisti, na wengine wakaiandika kauli hiyo. Simu zikaacha kulia hata hivyo.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo televisheni ilikuwa inaingia sebuleni mwa Wamarekani, na vipindi vilikuwa vya wadhamini: kampuni ya sigara, kampuni ya sabuni. Mdhamini akisema hapana, basi. Gazeti la biashara ya burudani, Variety, liliripoti kwamba Lee asitumiwe kwa hali yoyote katika kipindi kimoja cha televisheni, mchezo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuongoza kama nyota redioni, kwa sababu amekuwa mtu wa utata. Vipindi vikampotea kimoja baada ya kingine. Mwigizaji aliyekuwa na jukwaa, redio na sinema alifungiwa mlango kwenye chombo kilichokuwa kikienda kuvimeza vyote vitatu.

Kazi moja ikatoka ng’ambo. Zoltan Korda, mwongozaji mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitaka kuipiga filamu riwaya ya Alan Paton, “Cry, the Beloved Country”, tena palepale inapotokea, Afrika Kusini. Lee awe Stephen Kumalo, mchungaji mzee wa Kizulu anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Mchungaji kijana Msimangu ataigizwa na mtu ambaye alikuwa na filamu moja tu nyuma yake, Sidney Poitier, miaka 23.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1950. Chama cha makaburu kilikuwa na miaka miwili madarakani, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake na nyingine ya kugawa makazi kwa rangi. Nchi hiyo haikuwa na safu ya kumwandika nyota wa sinema mweusi kutoka New York. Poitier alieleza baadaye jinsi walivyopitishwa: Korda aliwaambia wakubwa wa uhamiaji kwamba watu hawa wawili si waigizaji walioajiriwa. Ni watumishi wake wa mkataba. Ni mali yake, kwa lugha nyepesi.

Lee alikuwa na miaka 43. Alikuwa amekataa kutamka unyenyekevu ndani ya mashua ya Hitchcock. Safari hii unyenyekevu uliandikwa kwenye makaratasi, na bila makaratasi hayo Kumalo asingekuwapo. Akakubali. Wakakaa shambani nje ya Johannesburg, kwa sababu hoteli za mjini hazikuwa zao.

Filamu ile ni nyeusi na nyeupe, haina haraka. Lee amevaa kola ya kipadri na koti jeusi lililochakaa, na ule mwendo wa bondia, wa kukanyaga kwa vidole, ameuua kabisa. Anatembea kama mtu ambaye magoti yameanza kumshtaki. Kuna pahala mchungaji anakutana na mzungu ambaye mwanawe ameuawa, na aliyemuua ni mtoto wa mchungaji. Mzungu bado hajui. Kumalo anajua. Lee hapandishi sauti. Anatetemeka mikono, anashindwa kusimama, na maneno yanatoka moja moja kama yanavutwa na mtu mwingine. Nimewaona waigizaji wengi wakilia vizuri. Huyu hakulia.

Alirudi Marekani mgonjwa wa shinikizo la damu, akiwa na mambo ya kusema kuhusu alichokiona Johannesburg. Wenye kumbi za kumsikiliza hawakuwa wengi, na wenye kazi hawakuwapo. Kulikuwa na mpango wa filamu ya “Othello” huko Italia. Othello, nafasi ambayo kila mwigizaji mweusi wa kizazi chake aliiota. Lakini Italia inahitaji pasi ya kusafiria, na pasi ilikuwa mikononi mwa serikali.

Serikali ilikuwa na njia ya kulimaliza hilo. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji hata mahakama. Kwa maelezo yaliyoachwa na waliokuwa karibu naye, FBI walimfikishia Lee ujumbe kwamba jina lake linaweza kusafishwa. Vipindi vya televisheni virudi, simu ilie tena. Walichotaka ni jambo moja: asimame hadharani, amkane Paul Robeson, amwite mkomunisti.

Robeson hakuwa jina tu kwa Lee. Alikuwa mwimbaji na mwigizaji aliyetangulia kuuvunja kila mlango ambao Lee aliupitia, Othello wa Broadway wa mwaka 1943, mtu aliyekaa darasani London miaka ya 1930 akijifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Sasa naye alikuwa amenyang’anywa pasi, kumbi zimemfungia, na wenzake wa zamani walikuwa wanavuka barabara wakimwona. Neno moja zaidi dhidi yake, tena kutoka kwa mtu mweusi anayeheshimika Harlem, lilikuwa na thamani kubwa kuliko taarifa mia za watoa habari wasio na majina.

Lee hakuwa na kazi. Damu ilikuwa inapanda. Rafiki yake Garfield alikuwa akiandamwa na watu walewale, kwa maswali yaleyale. Safari hii pigo halikutoka upande wa jicho bovu. Lilikuwa mbele yake kabisa, limevaa tai, linasubiri.

Jibu alilolitoa lilikuwa fupi.

ITAENDELEA WIKI IJAYO